Barua ya Wazi kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Nakuru: Tabibu wa Kuzunguka na Wazee wa Mau Narok

Kwa Idara ya Huduma za Afya ya Kaunti ya Nakuru, na kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti

KUH: HUDUMA YA NYUMBANI KWA WAZEE WENYE DIMENSHIA, WADI YA MAU NAROK

Dimenshia ni kudhoofika kwa akili kunakoletwa na ugonjwa wa ubongo na kunakozidi mwaka hadi mwaka, mpaka mtu ashindwe na kazi alizozizoea. Wengi huona kusahau kwanza, lakini ugonjwa hugusa pia lugha, uamuzi, tabia, usingizi na uwezo wa kutambua mahali. Uzee peke yake hauleti hali hiyo. Mzee wa miaka 85 anayesahau jina la mgeni kisha akalikumbuka jioni hana dimenshia. Mwenye miaka 68 ambaye amefanya biashara ya viazi maisha yake yote, na sasa hajui aliuza magunia mangapi asubuhi, anahitaji kuchunguzwa. Ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906, husababisha asilimia 60 hadi 70 ya visa. Unaofuata ni ule wa mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na huo huandaliwa kwa miaka mingi na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa Afrika Mashariki, uchunguzi unaofaa kutazamwa zaidi ni ule uliofanywa miaka ya 2009 na 2010 wilayani Hai, Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kati ya wakazi wenye miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Hai ni nchi ya wakulima wadogo wa mlimani ambao wazee wao wengi hawakukaa darasani, kwa hiyo inafanana na Mau Narok kuliko miji ya Ulaya ambako takwimu nyingi hutoka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru, na kote nchini watu takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi, umri ambao Katiba ya Kenya inamhesabu mtu kuwa mzee.

Mau Narok iko juu ya Mau, kusini mwa Njoro, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mpakani na Kaunti ya Narok. Ni nchi ya viazi, ngano, shayiri, karoti na kondoo. Baridi ya Juni hadi Agosti ni kali, na mvua ikinyesha mfululizo barabara za ndani hazipitiki ila kwa miguu, punda au trekta. Mzee akihitaji kipimo kikubwa hupelekwa Nakuru mjini, zaidi ya kilomita 40, na safari hiyo huhitaji watu wawili wa kumsindikiza, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi inayopotea shambani.

Hata akifika, foleni ya hospitali si mahali pa kuuona ugonjwa huu. Mzee huletwa kwa sababu ya kikohozi au goti. Anasalimia vizuri, anauliza habari za watoto, anajibu kuwa ni mzima, na dakika zake chache zimekwisha. Adabu alizofunzwa utotoni hudumu muda mrefu baada ya habari za jana kufutika, na humficha mgonjwa mbele ya mtu asiyemjua. Ugonjwa huonekana nyumbani, kwenye mambo madogo: sufuria iliyoungua mara ya tatu, ng'ombe aliyekamwa mara mbili kisha akasahauliwa jioni, namba ya siri ya M-Pesa iliyojaribiwa hadi laini ikafungwa. Kwa sababu hiyo, huduma ya dimenshia haina budi kumfuata mgonjwa alipo, na tabibu anayeitoa sharti awe mtu wa njia.

Kazi ya tabibu huyo huanza kabla hajafika. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye chini ya mpango wa kitaifa uliozinduliwa Septemba 2023 huhudumia takriban nyumba 100, ndiye anayejua ni boma gani mzee amebadilika. Yeye ndiye anayeomba ruhusa kwa familia na kutangulia njiani. Mgeni asiyetanguliwa hudhaniwa dalali wa mashamba, na katika eneo lililoona migogoro mingi ya ardhi dhana hiyo ina msingi. Akishaingia, tabibu humsalimia mzee kama wajukuu wanavyomsalimia: shosho au guka kwa Wakikuyu, kogo kwa Wakipsigis, koko kwa Wamaasai. Hukubali chai. Wakati chai inachemka, uchunguzi tayari unaendelea. Anatazama nani humjibia mzee, mzee anainukaje kitini, viatu vimevaliwa vipi, moto uko umbali gani na kitanda, vidonge vimewekwa wapi na vya nani, choo kiko umbali gani usiku.

Umri ndio swali gumu la kwanza. Vitambulisho vya wazee wengi vina mwaka uliokisiwa, kwa hiyo umri hutafutwa kwa matukio. Alikuwa amefikia wapi Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952? Alikuwa ameolewa Uhuru ulipopatikana 1963? Alikuwa akifanya kazi wapi Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978? Kwa Wakipsigis na Wamaasai, rika la tohara hueleza zaidi ya kitambulisho. Majibu yenyewe ni sehemu ya kipimo. Mwenye Alzheimer katika hatua za mwanzo anaweza kusimulia kwa ufasaha mkubwa jinsi alivyovuna pareto katika shamba la mlowezi, kisha asijue kama amekula asubuhi hiyo.

Baada ya hapo hufuata kipimo cha kumbukumbu, na hapa uteuzi ni muhimu. Vipimo vilivyoenea duniani humtaka mtu asome sentensi, aandike nyingine, achore maumbo na atoe saba katika mia mara kwa mara. Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu hushindwa hata akiwa na akili timamu, na aliyewahi kuwa mwalimu huvipita hata akiwa mgonjwa. Watafiti waliofanya kazi Hai, wakishirikiana na wenzao wa Nigeria, walitengeneza kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika, kinachojulikana kwa jina la IDEA. Mzee husomewa maneno kumi na baadaye huulizwa anayakumbuka mangapi. Hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kueleza daraja ni nini, kusema leo ni siku gani na kumtaja kiongozi wa eneo lake, ambaye kwa Mau Narok atakuwa chifu. Mwishoni tabibu hupanga njiti nne za kiberiti juu ya meza kwa umbo fulani, kisha humpa mzee njiti nyingine nne apange vilevile. Kiberiti hakikosekani jikoni. Mikono ya mtu aliyefunga mizigo na kushona magunia kwa miaka 50 huzipanga njiti hizo bila kufikiri. Ugonjwa ukiwa umeingia, mikono hiyohiyo huzisogeza huku na huko, huzikusanya pamoja, au huziweka juu ya zile za tabibu.

Kipimo hakitoshi peke yake. Familia huhojiwa kando, nje ya nyumba, kwa sababu si heshima kumhesabia mzee makosa yake akisikia, na kwa sababu wapo wanaoogopa kusema. Swali lenye faida kubwa ni moja: ni kazi gani aliyokuwa akiifanya miaka miwili iliyopita ambayo leo haiwezi? Majibu huja kwa lugha ya shamba: alikuwa akichagua mbegu, alikuwa mweka hazina wa chama, alikuwa akiwapeleka kondoo na kuwarudisha wote. Tabibu huuliza pia jinsi mambo yalivyoanza. Kuporomoka polepole kwa miaka huelekea Alzheimer. Kushuka kwa ngazi, leo nafuu na kesho vibaya baada ya kuanguka au kupooza upande, huelekea kwenye mishipa ya damu. Kuchanganyikiwa kulikoanza juzi ni jambo jingine kabisa, na ni la dharura.

Sehemu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayookoa watu. Si kila mzee aliyechanganyikiwa ana dimenshia, na si kila dimenshia haina la kufanywa. Maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini au choo kilichokwama kwa siku nyingi huweza kumfanya mzee apayuke, aone watu wasiokuwapo na asiwatambue wanawe, kisha akarudi katika hali yake akitibiwa. Aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni wiki tatu zilizopita anaweza kuwa na damu iliyovilia ndani ya fuvu. Huyo anahitaji picha ya kichwa na daktari wa upasuaji, na kila siku inayopita ni hasara. Tezi ya shingo iliyolegea humfanya mtu awe mzito wa kufikiri, mwenye baridi isiyoisha na ngozi kavu, na kidonge kimoja kwa siku humrudisha. Upungufu wa vitamini B12 huwapata wazee ambao chakula chao kimebaki viazi, kabichi na ugali bila maziwa wala nyama, na pia wanaomeza metformini ya kisukari kwa miaka mingi. Tiba yake ni sindano ya bei nafuu. Kaswende ya zamani na virusi vya Ukimwi vinaweza kuharibu kumbukumbu, na haifai kuacha kupima kwa kudhani kuwa mzee hayamhusu. Sonona baada ya kufiwa na mwenzi hujificha katika sura ya usahaulifu. Chang'aa iliyonywewa miaka mingi, pamoja na lishe duni, nayo ina alama zake.

Baridi ya Mau Narok huongeza hatari ambayo madaktari wa nyanda za chini huenda wasiifikirie. Jiko la makaa likiingizwa chumbani usiku, madirisha yakiwa yamezibwa kwa matambara, hewa ya sumu isiyo na harufu hujaa. Anayeamka asubuhi na kichwa kinachouma, kichefuchefu na mchanganyiko wa mawazo, siku baada ya siku katika majira ya baridi, aulizwe kuhusu jiko kabla ya kuulizwa kuhusu kumbukumbu.

Halafu kuna mfuko wa dawa. Karibu kila nyumba ya mzee ina mfuko wa nailoni wenye vidonge vya hospitali, vya duka la dawa, vya jirani na vya marehemu. Tabibu huomba umwagwe wote mezani. Mara nyingi chanzo kimo humo. Dawa za mafua na mwasho kama klorofenamini, zinazonunuliwa bila cheti, dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, amitriptilini iliyotolewa kwa maumivu ya miguu, dawa ya presha inayoshusha chumvi ya damu: zote zaweza kumchanganya mtu wa miaka 75 aliyezimeza pamoja. Kuondoa kidonge ni tiba, na kunahitaji ziara ya pili ya kuhakikisha kuwa hakikurudi. Masikio nayo hutazamwa. Nta iliyoziba masikio yote mawili humfanya mzee ajibu yasiyoulizwa na aitwe mwehu, na huondolewa kwa matone na maji ya vuguvugu palepale nyumbani. Mtoto wa jicho humfanya aone mtu pale penye koti lililotundikwa.

Ikishathibitika kuwa ni dimenshia, familia huambiwa ukweli kwa maneno ya kawaida. Hakuna dawa inayoiondoa. Zipo zinazopunguza dalili kidogo kwa baadhi ya wagonjwa, kama donepezili, lakini ni ghali kwa nyumba inayotegemea msimu wa viazi, na si haki familia iuze kondoo wake ikitarajia muujiza. Msaada mkubwa uko katika mpangilio wa maisha: saa zilezile za kuamka na kula, taa inayobaki usiku kwenye njia ya choo, nguo zinazowekwa kwa mfuatano wa kuvaa, sentensi fupi, na mtu mmoja kuzungumza kwa wakati. Mzee akisema anamsubiri mamake, hapana haja ya kumkumbusha kila asubuhi kuwa mama alikufa, maana kila mara huupokea msiba upya. Aulizwe mama alikuwa mtu wa namna gani, na mazungumzo yatapata njia. Apewe kazi anayoiweza: kumenya njegere, kuchagua viazi vidogo na vikubwa, kukunja magunia. Mazoezi ya akili ya vikundi yaliyofanyiwa majaribio Tanzania na Nigeria yalijengwa juu ya wazo hilo, kwa nyimbo, vyakula na kazi ambazo wazee wenyewe wanazijua.

Usalama wa boma la mkulima una mambo yake, na vitabu vya nje havitayataja. Dawa ya kunyunyizia viazi ikitiwa katika chupa ya soda na kuachwa ghalani ni hatari ya kifo kwa mtu anayeona soda. Panga, shoka na kiberiti huhifadhiwa. Lango hufungwa kwa namna ambayo mzee hawezi kuifungua kirahisi lakini jirani anaweza. Jina la mzee na namba ya simu ya mwanawe hushonwa ndani ya koti.

Koti hilo linahusu jambo zito. Wagonjwa wengi hutoka wakienda nyumbani, na nyumbani wanakokwenda si pale walipo. Katika Njoro na Mau Narok jambo hili lina historia. Mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990, ya 1998 na ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalihamisha familia nyingi katika ukanda huu. Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, nao wametolewa msituni mara kwa mara, hata baada ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kutoa hukumu iliyowapa haki tarehe 26 Mei 2017. Ugonjwa unapofuta miaka ya karibuni na kuacha ya zamani, mzee anaweza kuondoka alfajiri kuelekea shamba ambalo limekuwa la mtu mwingine kwa miaka 30, au msitu ambamo hairuhusiwi kuishi. Akifika huko, ni mgeni wa kabila jingine anayedai kuwa nyumba ni yake. Mwingine husikia trekta usiku na kujificha chini ya kitanda, kwa kuwa kwake ni mwaka 1992 tena. Tabibu asiyejua habari hizi ataandika kuwa mgonjwa ana ukorofi na kumpa dawa ya kumtuliza. Anayezijua atawaendea chifu, wazee wa Nyumba Kumi wa pande zote mbili na wahudumu wa afya wa kata jirani, awaeleze kabla mzee hajapotea. Hiyo ni kazi ya afya kikamilifu, na inastahili kuhesabiwa katika saa za kazi za tabibu.

Lugha hufuata njia hiyohiyo. Kiswahili, ambacho wazee wengi wa hapa walijifunza ukubwani, aghalabu hutangulia kupotea, na lugha ya mama hubaki. Tabibu mmoja hawezi kuzijua zote, lakini anaweza kuhakikisha kuwa mkalimani ni mhudumu wa afya wa jamii hiyo na si mjukuu wa miaka kumi anayetakiwa kumwuliza babu yake kuhusu choo.

Dawa za kutuliza zinahitaji neno la wazi. Haloperidoli na klorpromazini hupatikana kirahisi na hutumiwa kwa wazee wanaopiga kelele usiku. Kwa wenye dimenshia, dawa za jamii hiyo huongeza hatari ya kiharusi na ya kifo, onyo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani ililitoa kuanzia mwaka 2005. Zina nafasi yake, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, pale ambapo mgonjwa ana hofu kuu au anaweza kumwumiza mtu, na baada ya kutafuta kama ana maumivu, njaa, mkojo uliojaa au baridi. Ni lazima aliyeziandika arudi kuzipunguza. Zikitolewa katika kambi ya matibabu ya siku moja ambayo haitarudi, mzee hubaki nazo mpaka aanguke.

Anayemtunza mgonjwa mara nyingi ni mke, binti au mke wa mwana, na naye ana mashamba, watoto na pengine ugonjwa wake mwenyewe. Hulala saa chache. Husemwa kuwa hamlishi mzee, kwa sababu mzee huwaambia majirani kuwa hajala. Baadhi ya familia hufunga mlango kwa kufuli au humfunga mgonjwa kwa kamba ili waende kupalilia, si kwa ukatili ila kwa kukosa njia. Kuwakemea hakumfungui mtu. Huwafaa kupata jirani wa zamu, kundi la kanisa linalokaa na mzee saa mbili mara moja kwa wiki, na mtu wa kuwauliza wao wenyewe wanaendeleaje. Tabibu humpima mtunzaji presha kila ziara, na humwacha alie kama anataka kulia.

Kuna hatari nyingine isiyoweza kunyamaziwa. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kutuhumiwa uchawi, na Kilifi imezika wazee wengi kwa tuhuma hizo. Mzee anayetangatanga usiku na kuzungumza peke yake ni rahisi kushukiwa. Maelezo ya dakika chache katika baraza la chifu kuhusu ugonjwa wa ubongo ni kinga halisi. Ardhi nayo huvuta wenye tamaa: mzee asiyekumbuka alichokisema asubuhi huweza kuletewa karatasi atie kidole gumba. Uuzaji wa shamba la kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na kumbukumbu za tabibu zenye tarehe na matokeo ya vipimo zaweza kuisaidia bodi kujua kama aliyesimama mbele yake anaelewa anachokifanya.

Hatua za mwisho ni fupi kuzieleza na ndefu kuziishi. Mgonjwa hukosa maneno, hushindwa kutembea, kisha kumeza. Tabibu humfundisha mtunzaji kumkalisha wima, kumpa uji mzito kidogo kwa kijiko, kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo, na kutambua maumivu usoni mwa mtu asiyeweza kusema. Safari za hospitali hupunguzwa. Familia huambiwa mapema nini kitakuja, ili mwana aliye mbali aje wakati mzazi bado anaujua mkono wake.

Kutokana na hayo, tabia ya huduma yenyewe inajulikana. Tabibu anayeifanya, awe afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea afya ya akili, anaweza kuona vizuri nyumba nne au tano kwa siku na si zaidi, kwa kuwa njia ni ndefu na mazungumzo hayaharakishwi. Arudi siku ileile ya mwezi, kwa mfano Jumanne ya pili, ili familia iweke maswali yake akiba. Awe mtu yuleyule kwa miaka, kwa sababu mgonjwa asiyelikumbuka jina lake hutulia akiona uso aliouzoea, na kwa sababu mabadiliko ya polepole huonekana tu na aliyemwona mwaka uliopita. Anahitaji pikipiki yenye mafuta, makoti ya mvua na mabuti, simu yenye salio, na daktari bingwa wa kumpigia mara moja kwa wiki. Anahitaji pia mwenzake wa kushikana zamu, maana kazi ya kuwatazama watu wanaopungua ni nzito, na aliye peke yake huiacha.

Wajibu wa kuitoa huduma hii hauna utata. Kifungu cha 57 cha Katiba kinamtaka mzee aishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na apate matunzo ya kutosha kutoka kwa familia yake na kwa serikali, na Jedwali la Nne limezipa kaunti vituo vya afya na huduma ya afya ya msingi. Sehemu kubwa ya nyenzo tayari ipo. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mashine za kupima presha na sukari. Wakiongezewa swali moja la kumbukumbu kwa kila nyumba yenye mtu wa miaka 60 na zaidi, tabibu atajua pa kwenda. Tume ya Lancet ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, kutosikia, kutoona vizuri na upweke, na mengi kati ya hayo mhudumu huyo anaweza kuyagundua akiwa mlangoni. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, NHIF, na hazina yake ya afya ya msingi hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya kwa aliyesajiliwa. Huduma za hospitali hutaka mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambao asiye na mshahara hutakiwa kuulipa kwa mwaka mzima. Mzee anayepokea shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi hawezi kujisajili wala kuufuatilia mchango huo akiwa na dimenshia. Tabibu na mhudumu wanaweza kumsajili pamoja na mtunzaji wake katika ziara hiyohiyo.

Idara inaombwa kuanza na Mau Narok, kwa nafasi mbili za kudumu za tabibu au muuguzi wa afya ya akili zenye makao katika kituo cha afya cha wadi, pikipiki mbili, bajeti ya sindano za B12 na vipimo vya tezi, kaswende na chumvi za damu, na makubaliano ya maandishi na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti kuwa mzee aliyepelekwa na matabibu hao kwa picha ya kichwa hatasubiri kwenye foleni ya kawaida. Baada ya miezi 12, matokeo yapelekwe Mauche, Nessuit, Kihingo na Lare, yakiwa na hesabu ya waliotibika, waliopunguziwa dawa na familia zinazoendelea kutembelewa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hutakiwa kufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, Waraka wa Mkakati wa Fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kamati ya Afya inaombwa kuhakikisha kuwa nafasi hizo mbili zimetajwa kwa jina na kwa fedha katika hati zote tatu, na kuwa vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti hiyo vinafanyika pia Mau Narok, saa ambazo watunzaji wanaweza kuhudhuria.